Kobe Aliyepigwa Pasi

Baba yangu alikuwa dobi kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo yote sidhani kama aliwahi kumtazama mtu usoni kabla hajamtazama kola. Mteja akiingia, macho ya baba yalitua shingoni kwanza, yakashuka kwenye vifungo, yakapitia pindo, ndipo yakapanda usoni kusalimia. Watu walimwita Kola, na yeye hakuchukia. Mama alikuwa akisema kwamba hata siku alipokuja kumposa alimkagua kwanza kola ya gauni, akaridhika, ndipo akakumbuka kumjulia hali.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Mlango ulikatwa katikati, na nusu ya chini ikishafungwa ndiyo ilikuwa kaunta. Ndani kulikuwa na meza ndefu ya kupigia pasi, imetandikwa blanketi kuukuu na juu yake shuka jeupe lenye alama za kuungua hapa na pale, ndoo ya wanga, kopo la buluu ya kung'arishia nguo nyeupe, na nje uani kamba saba za kuanikia. Hakuandika jina la mteja popote. Kila mtu alikuwa na alama yake ya uzi mwekundu, baba aliishona kwa ndani ya pindo: huyu mistari miwili, yule nukta tatu, mwingine kama mguu wa kuku. Sisi wa nyumbani alama yetu ilikuwa duara. Alama zote hizo alizibeba kichwani, na mama alipomwambia aziandike hata kwenye karatasi, alijibu kwamba kichwa chake hakichuji rangi.

Rafu zilikuwa tatu, na hapo ndipo baba alipokuwa na maringo yake. Rafu ya chini ilikuwa ya sare za shule na nguo za kazi. Ya kati ilikuwa ya watu wote. Ya juu ilikuwa ya Kobe.

Kobe ni zile fulana za kola zenye kobe mdogo wa dhahabu kifuani, ukubwa wa ukucha. Katika mji wetu alizivaa daktari, hakimu, mkuu wa shule, mtu wa kuwekewa kiti cha mbele. Ukivaa Kobe, hata muuza magazeti alikupa salamu ndefu zaidi. Wapo walionunua za kuigiza, lakini baba aliwajua kwa mshono wa bega tu, akaziweka rafu ya kati bila kusema neno. Na wapo waliokuwa wakichungulia juu ya kaunta kuona nguo yao imelala rafu gani. Watu wazima kabisa, wana ndevu!

Baba mwenyewe alikuwa na Kobe mbili. Alipewa na daktari mmoja mnene ambaye baba alimfulia kwa miaka kumi na miwili. Daktari alipohamishwa alikuja na mfuko, akatoa fulana mbili mpya, nyeupe na ya buluu iliyoiva, akamwambia, "Kola, hizi ni zako. Hujanivunjia kifungo hata kimoja." Baba alilia, kisha akasingizia mvuke wa pasi. Ile nyeupe akawa anaivaa siku za kuhesabu kwa vidole, ingawa ilimpwaya. Ile ya buluu aliikunja, akaifunga kwenye karatasi, akasema ataivaa siku nitakapoolewa. Kila mwaka aliifungua, akaipiga pasi upya kwenye mikunjo ileile, akairudisha.

Na kulikuwa na nguo moja ambayo haikuwa na rafu kabisa. Koti la Ufunguo. Ni koti zito la kahawia, lina ufunguo mwekundu mkononi juu kidogo ya kiwiko. Kwetu yalivaliwa na vijana wa kubomoa vibanda. Sijui nani aliwapa, wala sijui kwa nini walichagua hilo, ila mji mzima ulijua: ukiona makoti matatu ya Ufunguo yanashuka kwenye lori, unaanza kukusanya vitu vyako.

Kabla sijazaliwa, baba alikuwa na kibanda cha mbao na mabati karibu na stendi. Walikuja saa sita mchana, nguo za watu ziko kambani. Baba hakubishana nao. Aliomba saa moja tu aanue nguo za wateja. Hawakumpa hata dakika. Mama anasema baba alizichimbua zile nguo kutoka kwenye tope na misumari, akazifua mara tatu, akapita nyumba kwa nyumba kumrudishia kila mtu na kumwomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyebomoa. Tangu siku hiyo alikula kiapo kwamba koti la Ufunguo halitaguswa na maji yake. Niliwahi kumwona akimrudisha bibi mmoja aliyeleta koti la mjukuu wake. Alimwambia kwa upole kwamba sabuni imekwisha, na nyuma ya mgongo wake kulikuwa na katoni nzima ya sabuni. Bibi aliiona. Aliaga vizuri tu, akaondoka.

Sasa nije kwangu mimi, maana hii habari ya baba nisingekuwa nayo kama nisingempenda mtu.

Alikuwa fundi wa majokofu, ametoka nchi nyingine kuja kufunga mitambo ya baridi kwa mkataba wa miaka miwili. Alileta mashati yake kwetu, na baba akampenda kabla yangu, kwa sababu alitoa vitu mifukoni mwenyewe na kufunga kifungo cha juu kabla ya kukabidhi shati. Mimi ndiye niliyeyapiga pasi. Siku moja baba alinitazama nikiwa juu ya shati moja kwa muda mrefu, akaniuliza, "Hilo lina mikono mingapi?" Nikajua mambo yamejulikana.

Mkataba ulipokaribia kwisha tuliongea, tukakubaliana. Ama tungeondoka pamoja kwa baraka za baba, ama angeondoka peke yake. Njia ya tatu haikuwepo. Sikuwa binti wa kutoroka, wala baba hakuwa mtu wa kusema neno mara mbili: akisema hapana, imetoka. Basi fundi akaniambia baba yake atakuja kuonana na wazazi wangu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, na lugha yetu aliijua, aliisema polepole lakini bila kukosea. Kisha fundi akashusha sauti. Kulikuwa na tatizo dogo. Mzee alikuwa na koti moja tu la heshima, na hilo koti ni la Ufunguo.

Nilishika kichwa. Fundi akanieleza kwamba kwao koti hilo ni jambo kubwa. Ni ghali, mtu hulinunua mara moja maishani, na mara nyingi hajinunulii, hununuliwa na wanaomheshimu. Huvaliwa na walimu, wakunga, watu wa kuaminiwa funguo za nyumba. Alikuwa amemwomba mzee aliache, mzee akamjibu, "Nikaombe mtoto wa watu nimevaa nini, gunia?" Basi ikabidi mimi nimwandae baba taratibu. Nikaahidi. Nilikuwa na wiki tatu.

Wiki ya kwanza wanga uliganda na baba alikuwa na hasira. Wiki ya pili alikuwa na furaha sana, nikaona si vizuri kumharibia. Wiki ya tatu nikajiambia kesho, na kesho ikawa Jumapili, na mgeni akawa mlangoni.

Nakumbuka kila kitu. Baba alikuwa amevaa Kobe nyeupe, kola imesimama imara. Mlangoni alisimama mzee mrefu, mpana wa mabega, koti limefungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali, na nyusi yake ya kushoto ilikuwa imepasuliwa katikati na kovu. Baba alipoona ufunguo mwekundu, alikaza taya. Na mgeni naye alisimama kizingitini bila kuingia. Alitazama kifua cha baba, mkono wake ukapanda ukagusa lile kovu. Nilidhani ni jua.

Waliketi. Mgeni alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Baba alijibu kila kitu kwa "mm" na "sawa". Mama akaongea kwa niaba ya watu wanne, masikini, akauliza habari za safari mara tatu. Fundi wangu alikuwa akinitazama, nami nikiitazama miguu yangu.

Baba akaniita chumba cha pasi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Binti yangu, umeniletea mbomoaji nyumbani?"

Nikamweleza yote kwa pupa, yale ya wiki tatu katika dakika moja: kwamba ni mwalimu, kwamba kwao koti lile ni la heshima. Baba akasema kila mtu akiwa mbali na kwao ni mwalimu. Akaniuliza kama nimeliona lile kovu, na kama makovu ya namna ile hupatikana kwa kufundisha hesabu. Kisha akasema, "Nitamlisha, nitamsindikiza mpaka barabarani. Zaidi ya hapo usiniombe."

Imetoka. Nilibeba sinia la chai na neno hilo kifuani. Nilijikaza kisabuni mpaka katikati ya chumba, na hapo mikono ikanisaliti. Birika zima la chai ya maziwa lilimwagika juu ya mgeni, kutoka kwenye kola hadi kiunoni. Kwa bahati ilikuwa imepoa kwa kungoja watu wamalize kununiana.

Katika nyumba yetu hata mtoto anajua chai ya maziwa ni adui wa namna gani kwenye kitambaa kizito. Ukiiacha robo saa, umeipa makazi. Mgeni alikuwa anasema si kitu, si kitu, itakauka. Nikamwona baba amesimama. Macho yake yalikwenda kwenye doa lililokuwa likitambaa, yakaenda kwenye ufunguo mwekundu, yakarudi kwenye doa. Miaka zaidi ya ishirini ya kiapo ilikuwa ikipigana na mikono yake, na nilimwona akishindwa.

"Vua," alisema.

"Litakauka tu, mzee wangu."

"Likikauka ndiyo limekufa. Vua, Mwalimu."

Alilichukua kwa vidole viwili, amelitenga na mwili wake. Alipofika mlango wa uani alikuwa amelishika kwa mikono miwili.

Shati la mgeni nalo lilikuwa limelowa chapachapa. Mama alifungua kabati, akatoa shati la baba moja, la pili, la tatu, akamtazama mgeni mabega, akayarudisha. Ilikuwepo nguo moja tu ya mtu wa mwili ule. Mama akaenda dirishani, akamwambia baba aliyekuwa ameinama kwenye beseni kwamba hakuna kinachomtosha isipokuwa ile ya buluu, na ile ni ya harusi. Baba hakuinua kichwa. "Mpe. Mgeni hakai kifua wazi nyumbani kwangu."

Mimi ndiye niliyempelekea. Alifungua karatasi, akamwona kobe, akabaki ameishika. Alikaa hivyo kwa muda, mpaka fundi akaanza kusema, "Baba, si lazima," na mzee akamnyamazisha kwa kiganja. Aliniuliza nani ameipiga pasi. Nikasema ni baba, kila mwaka, na haijavaliwa hata siku moja. Akapitisha kidole gumba juu ya kola, taratibu, kutoka ncha hadi ncha. Kisha akaingia chumbani, akatoka ameivaa, amefunga kifungo cha juu kabisa. Sisi tulidhani anaona haya kupewa kitu kizuri.

Alitoka uani kushukuru, nami nikamfuata na sabuni. Baba alikuwa ameigeuza kola ya koti chini ya bomba, akiikagua mshono kwa mshono.

"Nani aligeuza kola hii?" aliuliza.

Kwa asiyejua: kola ikichakaa pale inaposugua shingo, hufumuliwa ikageuzwa, upande uliochakaa ukaingia ndani, nguo ikapata maisha ya pili. Zamani kila nyumba ilijua kazi hiyo.

"Mimi," alisema mgeni. "Alikuwa akigeuza mama watoto. Alipofariki nikajifunza."

"Umeshona vibaya."

"Najua."

"Uzi wa kahawia ulikuishia hapa katikati, ukaweka mweusi."

"Duka lilikuwa limefungwa."

Baba akausugua ule uzi mweusi kwa kidole. "Lakini umegeuza," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika kabisa.

Akaingiza mkono mfukoni mwa koti kuusafisha, akautoa una ute mweupe. Ilikuwa chaki. Miaka na miaka ya chaki ilikuwa imejibana kwenye mshono wa mfuko, na maji yalipoigusa ikawa uji. Baba aliitazama ile chaki kiganjani mwake. Nadhani alikuwa anawatafuta wale wabomoaji mfukoni mle na hakuwapata. Akauliza koti lina umri gani, akaambiwa ishirini na miwili, lilinunuliwa na wazazi wa wanafunzi. Baba akamvutia mgeni kigoda kwa mguu wake, akamwambia akae, amshikie mkono wa koti usiingie kwenye tope.

Basi walifua pamoja, wazee wawili wenye Kobe, mmoja nyeupe na mmoja buluu. Mama alichungulia dirishani akasema timu imekamilika. Ndiyo mara ya kwanza siku ile nilipocheka.

Koti lilianikwa kamba ya kwanza, ile ya watu wa rafu ya juu. Kisha baba akafanya kitu ambacho nakishukuru hadi leo. Alichomoa sindano iliyokuwa daima kwenye shati lake la kazi, lililotundikwa mlangoni, akatafuta uzi mwekundu, akageuza pindo la koti lile bado linadondosha maji, akaanza kushona alama. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake. Nilidhani atashona mistari, au nukta. Alishona duara.

Hakusema amekubali. Aliuma uzi kwa meno, akaniambia nikaangalie chakula kisiungue. Nilikwenda jikoni nikalia mpaka mama akanifuata na upande wa kanga yake.

Mgeni aliondoka kesho yake asubuhi. Koti lilibaki, maana baba hakuwahi kumkabidhi mtu nguo mbichi. Lakini shati lake lilikuwa limekauka, baba amelipiga pasi, akamletea ili abadilishe. Mgeni alilipokea, akalikunja, akalitia kwenye mfuko. Alisema, "Nimekuja kwenu nikavishwa hii. Nitarudi na hii." Akapanda basi amevaa Kobe ya buluu.

Tulioana mwezi ule, na nikaenda kwa mume wangu, koti la mzee likiwa kwenye mizigo yangu. Mama alininunulia blauzi ya Kobe, jambo lisilo dogo, na Jumapili ya kwanza ugenini niliivaa kwenda kununua mkate, nijulikane natoka kwa watu. Mwenye duka alinihudumia bila kunitazama. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alimvuta mwanawe upande wa pili wa sketi yake. Njiani vijana wawili walinipungia mkono kwa furaha ambayo sikuipenda. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba watu wa kwao hawana adabu.

Aliitazama ile blauzi, akakaa kwenye ngazi, akaniomba nikae karibu yake. Ndipo aliponiambia. Kwao Kobe huvaliwa na wale wanaowasaka watu waliohamia kutoka kwingine. Ndiyo sare yao, ingawa aliyeitengeneza hakuwahi kukusudia hivyo. Baba yake alihamia pale akiwa mwalimu kijana. Jioni moja akitoka shule watu sita walimngojea getini, wote na kobe wa dhahabu kifuani. Lile kovu la nyusi ni la siku hiyo.

Nilikumbuka yote kwa mpigo: kizingiti, mkono uliopanda usoni, ukingo wa kiti, karatasi ile ikifunguliwa. Nami nilidhani ni jua!

Mume wangu akaendelea. Mzee aliposhuka kwenye basi siku ile, mkata tiketi wa stendi, mwanafunzi wake wa zamani, alimtazama kifuani akasema kwa huzuni, "Mwalimu, hata wewe?" Mzee akamjibu kwamba amevishwa na mkwe wake, na mkwe wake ni dobi. Kisha akatembea mtaa mzima hadi nyumbani, katikati ya mchana, bila kuharakisha wala kujifunika.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini hakunionya, kwa nini hakumwonya hata baba yake. Alisema aliogopa. Alijua baba yangu atavaa Kobe, akawa anajiambia atasema kesho, kesho, mpaka wakafika mlangoni. Kumbe sote wawili tulikuwa waoga wa aina moja, na labda ndiyo sababu tuliendana.

Siku ileile nilikwenda kwa baba mkwe, blauzi nimeifunga kwenye mfuko. Nilimkuta anaunga mguu wa meza. Nilipiga magoti, nikaanza kuomba radhi, kwa niaba yangu na ya baba, na kwa ajili ya lile birika la chai. Alinishika mkono akaniinua.

"Binti yangu," alisema, "watu wale nimewaona miaka mingi. Sijawahi kumwona hata mmoja aliyepiga pasi. Nilipofungua ile karatasi nikaona mikunjo imelala sawasawa, kola imetiwa wanga, nikajiuliza, mtu wa kupiga watu atapata wapi subira hii? Nikajua baba yako hajui. Na mtu akikupa kitu chake kizuri kuliko vyote, huwezi kumwambia kinakuuma."

Nilimuuliza kama bado kinamuuma. Akafikiri. Alisema mwanzoni kilimuuma kama kiatu kipya, na sasa akimwona kobe huwa anamkumbuka dobi akimwambia ameshona vibaya. Akacheka, akarudi kwenye meza yake.

Nilimpigia baba simu. Nilimsimulia kila kitu, kovu, watu sita, stendi, mkata tiketi, mtaa mzima. Kisha sauti ikaja, ya chini na nzito.

"Na alifunga kifungo cha juu?"

"Alifunga, baba. Ulimwona."

"Nilimwona," alisema, akampa mama simu.

Mama ndiye aliyenieleza yaliyofuata. Baba hakula mchana ule. Alasiri alitoka, akaenda nyumba ya nne kutoka kwetu, kwa yule bibi wa koti la mjukuu. Alisimama mlangoni pake, mzee mzima, mikono nyuma. Akamwambia, "Mama, sabuni imepatikana." Bibi hakumuuliza imekuwaje ikachukua miaka sita. Aliingia ndani akaleta koti.

Siku hizi baba hafui tena, macho yamepungua na mabega yanamsumbua. Alitaka kuifumua ile nembo ya kobe kwenye fulana ya baba mkwe, akaapa kwamba hataacha hata tundu. Baba mkwe alikataa. Alituma salamu kwamba kobe abaki alipo, anachoomba ni kuelekezwa tu namna ya kuizuia kola isijikunje. Baba alitumia nusu saa nzima kwenye simu kumwelekeza, nami nikawasikia wakibishana kuhusu wanga kama watu waliokua pamoja.

Fulana hiyo naifua mimi kila Jumamosi. Kwa ndani ya pindo kuna duara jekundu ambalo baba alilishona siku alipokuja kututembelea mara ya kwanza. Naigeuza ndani nje, natumia maji baridi, naianika kivulini. Ikikauka naitandika mezani, nalowesha vidole, na naanza na kola.